Chupke Chupke au Gol Maal: picha ya kuchekesha kwa sebule yenye watu wa kila umri

Masika yaliyopita, mvua iliponyesha Mombasa kwa wiki kadhaa mfululizo na maji yakatuama katika vichochoro vya mtaani kwetu Majengo, jamaa zangu walizoea kukusanyika kwangu kila Ijumaa baada ya sala ya Isha, na kwa kuwa hapakuwa na aliyetamani kutoka tena, tulikaa kutazama filamu za zamani za kuchekesha. Alikuwepo mamangu, ambaye ameshapita miaka sabini na hadi leo filamu yoyote huiita "picha". Walikuwepo dada yangu na mumewe, watoto wao watatu, ambao mdogo ana miaka saba na mkubwa kumi na sita, na binamu yangu aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi. Mara mbili alijiunga nasi jirani yetu mwenye asili ya Taita, ambaye hakulelewa na picha za Kihindi na hajui neno hata moja la lugha hiyo.

Mwenye sebule ya namna hiyo anaujua ugumu wake. Picha inayomchekesha mama huwalaza watoto, na ile inayowaamsha watoto humfanya mama aulize saa ngapi. Zaidi ya hayo pana suala la heshima, kwa sababu hakuna anayetaka kukutwa mbele ya wazee na jambo la kumfanya ainamishe uso au akimbilie kitufe cha rimoti. Picha nne ninazozieleza hapa zote tulizitazama tangu mwanzo hadi mwisho bila mtu kuona haya, na kwa hivyo swali lililobaki ni moja tu: ipi iwekwe kwa watu gani?

Mbili kati ya hizo ndizo zinazostahili kupimwa kwa makini, kwa kuwa zinafanana mno. Chupke Chupke ya mwaka 1975 na Gol Maal ya mwaka 1979 ziliongozwa na mtu mmoja, Hrishikesh Mukherjee, na waigizaji wawili wazee, Om Prakash na David, wanaonekana katika zote mbili. Hata kiini cha hadithi ni kimoja, yaani kijana anayejigeuza mtu mwingine ili amdanganye mzee mwenye misimamo mikali, kisha uongo unazaa uongo hadi nyumba nzima inazungukwa na watu wa kubuni. Hakuna maadui, wala hakuna anayelia kwa muda mrefu. Hata hivyo, ukiziweka mbele ya watu wale wale, wiki moja hii na wiki inayofuata ile, utaona vicheko vinatoka pembe tofauti za chumba.

Katika Chupke Chupke, Dharmendra ni Parimal, profesa wa elimu ya mimea, anayemwoa Sulekha, ambaye ni Sharmila Tagore. Sulekha anamstahi kupita kiasi mume wa dada yake, Raghavendra, na kila anapomtaja humsifu kwa akili yake na uwezo wake wa kumjua mtu mara moja. Parimal anachoka kusikia sifa hizo, akaamua kumjaribu. Raghavendra ni mpenzi wa Kihindi safi na anatafuta dereva anayeongea lugha kwa ufasaha, kwa hiyo profesa anavaa sare ya udereva, anajiita Pyaremohan, na kuanzia hapo kila anachosema kinatoka katika lugha ya vitabuni, nzito na kamilifu, hadi yule mzee aliyeutaka ufasaha anaanza kuchoshwa nao. Baadaye rafiki yake Sukumar, ambaye ni Amitabh Bachchan na kazi yake ni kufundisha fasihi ya Kiingereza, anajifanya yeye ndiye Parimal, na hapo anajikuta akitakiwa kumfundisha msichana somo la mimea asilolijua.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa utamu wa jambo hili. Sisi tumekua katikati ya wazee wanaosimamisha mazungumzo ili wamrekebishe mtoto aliyekosea ngeli, na tunamjua mtu ambaye gari likimharibikia njiani hawezi kusema limeharibika, bali husema chombo kimepatwa na ila, kisha anasubiri uusifu usemi wake. Mamangu alikuwa akicheka kabla ya dereva kumaliza sentensi. Kizazi chake kilijifunza Kihindi kwa kukaa katika majumba ya sinema ya mji huu, tena si Kihindi cha kununulia vitambaa dukani peke yake, bali cha kutosha kutambua neno la sokoni na neno la kitabuni. Aliniambia kuwa marehemu baba yake aliwakataza kuchanganya Kiingereza wakati wa kula, na kwamba Raghavendra anamkumbusha yeye hasa, kwa mapenzi na kwa ukaidi wake wote.

Kuna kichekesho kimoja katika picha hiyo ambacho hata watoto walikipata. Dereva anauliza kwa unyenyekevu mkubwa kuhusu tahajia ya Kiingereza: ikiwa herufi T na O husomwa "tu", na D na O husomwa "du", kwa nini G na O zisisomwe "gu"? Mpwa wangu wa miaka kumi na moja, ambaye mwalimu wake amemkosoa mara nyingi kwa tahajia hiyo hiyo, alikubaliana na dereva papo hapo na akataka kujua jibu. Kisha mamangu alimnong'oneza kuwa "gu" kwa Kihindi ni kinyesi, na hapo ndipo mtoto alipoanguka kwenye mkeka kwa kicheko, mzaha ukiwa umeshapita kitambo.

Kuchelewa huko kwa kicheko ndiyo kasoro kubwa ya Chupke Chupke kwa mtu asiyejua lugha. Kila kitu kizuri ndani yake kinapitia sikioni. Maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini hayamsaidii mtazamaji sana, kwa sababu pale dereva anapotamka Kihindi cha kale kilichonyooshwa, maandishi huleta Kiingereza cha kawaida, na msomaji haoni tofauti kati ya dereva huyu na dereva mwingine yeyote. Jirani yetu alitazama kwa adabu hadi mwisho, lakini alicheka mara chache, na mara nyingine alicheka kwa kuwa sisi tumecheka. Mtoto wa miaka saba alilala kabla Sukumar hajaanza somo lake la mimea. Nami nakubali kwamba sehemu hiyo ya mapenzi ya Sukumar na Vasudha, yule msichana wa somo la mimea, ijapokuwa Jaya Bachchan anaigiza kwa utulivu unaopendeza, inapunguza mwendo wa picha wakati ambapo tungependa kurudi kwa dereva.

Ijumaa iliyofuata tuliweka Gol Maal, na chumba kilibadilika ndani ya dakika kumi.

Ramprasad, ambaye ni Amol Palekar, ni kijana mhasibu anayetafuta kazi, na anaishi na dada yake mmoja. Tajiri anayetoa kazi, Bhavani Shankar, ana imani zake: mwanamume asiye na masharubu hana tabia njema, kijana anayeshabikia michezo ni mpotevu, na mavazi ya kisasa ni dalili ya uvivu. Ramprasad anakwenda kwenye usaili akiwa amevaa shati fupi la Kihindi liitwalo kurta na masharubu yamekaa sawasawa, na akiulizwa habari za Pelé anajifanya hata jina hilo hajawahi kulisikia. Katika mji kama wetu, ambako mtoto hutaja wachezaji kabla ya kutaja mitaa, kijana kukana kumjua Pelé ili apate mshahara ni tukio ambalo kila mtu chumbani alilielewa bila tafsiri. Anapata kazi. Kisha anaomba ruhusa kwa kisingizio cha mama mgonjwa, ilhali mama yake ameshafariki, anakwenda uwanjani kutazama hoki, na tajiri naye yupo uwanjani. Kesho yake hana njia ila kubuni pacha, Lucky, kijana asiye na masharubu na asiye na adabu, ambaye ndiye eti alionekana pale.

Tangu hapo kila kitu kinaonekana kwa macho. Masharubu yaliyonyolewa yanabidi yabandikwe, mama aliyekufa anabidi apatikane, na mwanamke anayekubali kuigiza umama, ambaye ni Deena Pathak, naye analazimika siku moja kuwa na pacha wake. Mtoto wa miaka saba, ambaye hakuelewa neno, alishika hesabu ya masharubu kuliko sisi sote. Kila mlango ulipogongwa katika picha aliruka mbele ya televisheni akipaza sauti, "Hajayavaa! Hajayavaa!" Jirani yetu alikuwa ameinama mbele kama mtu anayetazama penalti, na hakuna aliyemfasiria chochote.

Namna Palekar anavyowatenganisha ndugu hao wawili inafaa kutazamwa kwa karibu, na ningeshauri mtu aiangalie mara ya pili kwa ajili hiyo tu. Kubandua masharubu ndiyo sehemu ndogo ya kazi yake. Ramprasad hukaa ncha ya kiti, mikono karibu na mwili, nywele zimelazwa kwa mafuta, na sauti yake huteremka kila anapotaja "bwana". Lucky huketi kama aliyemwagwa kitini, huongea kwa kasi, na macho yake hayatulii. Kuna nyakati ambapo Ramprasad anasahau na Lucky anachungulia katika bega lake kwa sekunde moja, na mzee Bhavani Shankar anamkazia macho, nasi tunashika pumzi. Kwa kazi hiyo Palekar alipewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora, na Utpal Dutt, aliyemwigiza Bhavani Shankar, akapewa ya mchekeshaji bora. Dutt hachekeshi kwa kujikunja uso. Anachekesha kwa kuwa anaamini kila neno analolisema kuhusu masharubu, na mtu anayeamini kwa nguvu kiasi hicho humfanya hata anayepingana naye amheshimu.

Sababu yangu ya kuipendelea Gol Maal ni nyingine, na nimeifikiria kwa muda. Watu wa Chupke Chupke wana kila kitu. Parimal ni profesa, mkewe anampenda, mzee wake ni mkarimu, na uongo wao wote ni mchezo wa watu walioshiba. Ramprasad anadanganya kwa sababu ya mshahara. Anajua kazi yake, ni mwaminifu katika hesabu, na bado asingeajiriwa kama angeingia na sura yake mwenyewe. Binamu yangu alicheka sana wakati wa usaili, kisha akanyamaza, na baadaye, tulipokuwa tunamimina kahawa, alisema kwamba mwezi uliopita aliombwa katika ofisi fulani aeleze anakaa mtaa gani, na alipoutaja mtaa wenyewe usaili ukaisha. Hakusema kwa uchungu, lakini nilielewa kwa nini alitaka Ramprasad ashinde. Picha nyepesi inayobeba jambo kama hilo bila kulihubiri ni adimu, na Mukherjee aliweza kufanya hivyo bila kumgeuza Bhavani Shankar kuwa mtu mbaya.

Kwa upande wa nyimbo, hata hivyo, mamangu hakubaliani nami, na hoja yake ina uzito. Muziki wa Chupke Chupke ni wa S. D. Burman, aliyefariki mwaka huo huo wa 1975, na nyimbo alizoimba Lata Mangeshkar humo ni za kukaa kimya na kusikiliza. Muziki wa Gol Maal ni wa mwanawe, R. D. Burman, na wimbo mmoja, ule unaoimbwa na Kishore Kumar kuhusu wakati unaokuja na kupita, ndio unaobaki kichwani. Nyingine zinapita. Mama anazipima nyimbo hizi kwa sikio la mtu aliyekua na taarab ya Mombasa, ambapo marehemu Juma Bhalo alizichukua tuni za Kihindi na kuzitilia maneno ya Kiswahili, na kwake tuni isiyoweza kubeba maneno yetu si tuni kamili. Kwa hiyo ikiwa wageni wako ni wazee waliozoea kukaa barazani jioni na kuimba pamoja, uzani unaelekea Chupke Chupke.

Na ikiwa nyimbo ndizo zinazotafutwa kwanza, basi pana picha ya tatu inayozishinda zote mbili. Padosan ya mwaka 1968 inamhusu Bhola, ambaye ni Sunil Dutt, kijana mwenye moyo safi anayempenda msichana wa jirani, Bindu, ambaye ni Saira Banu. Bindu anapenda muziki na Bhola hawezi kuimba hata kidogo. Rafiki yake Vidyapati, ambaye ni Kishore Kumar, anajificha na kuimba, huku Bhola akisimama dirishani na kufungua mdomo. Mpinzani wao ni mwalimu wa muziki wa msichana, aliyeigizwa na Mehmood, na mashindano ya kuimba kati ya madirisha mawili ndiyo kilele cha picha. Manna Dey ndiye aliyemwimbia Mehmood, na mtu anayeijua sauti ya Manna Dey, iliyolelewa katika muziki wa kienyeji wa Kihindi, atashangaa kuisikia ikikubali kushindwa kwa hila za Kishore. Nyumba zinazotazamana dirisha kwa dirisha ni jambo tunalolijua vyema sisi tuliolelewa katika vichochoro vya Mji wa Kale, na hapo kicheko hakikuhitaji tafsiri. Lakini Padosan ina jambo moja linaloniudhi, nalo ni namna inavyomdhihaki mwalimu yule kwa lafudhi yake na mavazi yake ya kusini mwa India. Watoto walianza kuiga lafudhi hiyo kesho yake, na ilinibidi niwakalishe chini. Mzazi atakayeiweka ajiandae kwa mazungumzo hayo.

Ya nne ni ya watoto. Project A ya mwaka 1983 imetoka Hong Kong, Jackie Chan ndiye mwongozaji na mhusika mkuu, na inahusu askari wa pwani wanaopambana na maharamia huku wakigombana na polisi wa nchi kavu. Hadithi yenyewe inasahaulika kabla ya chai kupoa. Kinachobaki ni mwili wa mwanadamu mmoja: anapigana kwa baiskeli ndani ya vichochoro vyembamba, akitumia gurudumu, mpini na kiti kama silaha, kisha ananing'inia kwenye mshale wa saa ya mnara na kuanguka akipasua vitambaa vya kivuli viwili hadi ardhini. Alianguka mwenyewe. Mwishoni huonyeshwa vipande vya matukio yaliyoharibika, na hapo watoto walinyamaza walipoona maumivu ni ya kweli. Shemeji yangu angependelea nakala yenye sauti ya msimulizi wa Kiswahili, kama zile za DJ Afro ambazo vijana wengi hapa wamezizoea, lakini mimi naona picha hii haihitaji msimulizi, kwa kuwa mwili wa Jackie Chan umeshasimulia. Mamangu alikwenda kulala mapema usiku huo, na hakuna aliyemlaumu.

Kwa mwenye wageni wa kila namna, wakiwemo wasiojua Kihindi, na mwenye nafasi ya kuweka picha moja tu, ningeweka Gol Maal bila kusita, na ningeianza mapema kwa sababu inapita saa mbili na haistahili kukatwa katikati. Kwa wazazi na wazee peke yao, wanaojua lugha na wanaojali lugha, Chupke Chupke ni zawadi bora, na hasa kwa aliyewahi kufundisha au kurekebishwa. Anayetaka kuzitazama zote mbili aanze na Chupke Chupke, kwani ukishaona kasi ya Gol Maal, utulivu wa ile ya kwanza utauona kama ulegevu, na hiyo si haki kwake.

Jambo la mwisho ni nakala. Baadhi ya nakala zinazouzwa kwenye flashi mitaani zimekatwa nyimbo ili zifupike, na muuzaji huenda asilijue hilo. Chupke Chupke tuliyoanza nayo ilikuwa imekatwa hivyo. Mamangu aligundua pale wimbo wa Lata ulipopaswa kuanza na badala yake akaona watu wameshakaa mezani, akasimamisha picha, akauimba wimbo wote kwa sauti yake mwenyewe huku feni ikizunguka na watoto wakimtazama, kisha akaniambia nibonyeze iendelee.